Makinda Nyuma ya Mafiga

Sauti yenyewe ilikuwa piiu, nyembamba, inayopanda mwishoni kama mtu anayeuliza kitu na hana hakika kama atajibiwa. Ukiingia ndani inanyamaza. Ukitoka, hata kama umekwenda tu kumwaga maji ya vyombo, inaanza tena, piiu, piiu, kutoka nyuma ya mafiga, ndani ya kapu lililotandikwa nyasi kavu na kipande cha kanga kuukuu. Nimezaa na nimelea, nimewasikia watoto wangu wakilia kwa homa na kwa njaa, lakini asubuhi nikiamka nikakuta nyumba kimya, sauti inayonijia kwanza ni ile. Mwaka jana tulipomzika shangazi yangu kule Heru Juu, nilikaa jikoni na wanawake wenzangu tukichambua maharage ya msibani, na kuku wa nyumba ile alikuwa ametotoa hapo hapo karibu na miguu yetu. Kifaranga kimoja kikapotea nyuma ya gunia, kikalia. Nikaweka ungo chini nikatoka nje. Wakadhani namlilia marehemu, na ni kweli nilikuwa namlilia, ila si kwa namna waliyodhani wao.

Mimi nilimwita masenge, ndivyo sisi Waha tunavyomwita dada wa baba. Kwa nini nilikuwa kwake mwaka ule wa sabini na nne na si kwa wazazi wangu, hiyo ni habari ndefu na hapa haina faida. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimeishia darasa la nne, najua kusoma na kuandika barua ya salamu, na nilikuwa mtoto wa kucheka ovyo na kuota ndoto mchana kweupe. Masenge alikuwa akisema ukimtuma Yustina maji, anarudi na mtungi nusu na hadithi nzima. Nyumba yetu ilikuwa peke yake juu ya bonde, upande wa Kibondo, vyumba viwili tu: cha mbele cha kulala, cha nyuma cha kupikia. Kule nyuma kulikuwa na mafiga matatu, na nyuma ya mafiga kona yenye joto ambayo ukuta wake ulikuwa umepigwa na moshi mpaka unang'aa kama umepakwa mafuta. Masenge aliweka kuni pale. Nilikaa mwaka mzima nikiamini kwamba kona ile kazi yake ni kuni.

Mvua zilipokuwa zimekolea tulishuka bondeni kukata mafunjo ya kusukia mikeka, na mimi kama kawaida yangu nikazubaa, nikaingia ndani zaidi ya mahali nilipoambiwa. Nikakuta nyasi zimelazwa duara kama kitanda, na juu yake makinda wawili wa korongo, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye taji la dhahabu, sisi tunamwita umusambi. Walikuwa na manyoya laini rangi ya ganda la karanga, na macho yaliyonitazama bila woga wowote. Sasa, nilikuwa nimesikia tangu mdogo kwamba nyumba za wakubwa wa zamani hazikukosa korongo uani. Anatembea kati ya watu, mgeni akifika anainamisha kichwa na kufungua mabawa kama anayekaribisha. Nilikuwa nimekwishampangia korongo wangu kazi zake zote kabla hata sijamwona. Na hapo mbele yangu akasimama mama yao, au baba, sijui, akiburuta bawa moja chini kama limevunjika na kulia kwa uchungu. Leo mtoto yeyote wa kijiji angeniambia kwamba ndege hujifanya kilema ili umfuate yeye uwaache watoto. Mimi niliamini. Nikasema maskini, mama mgonjwa hivi atalea vipi wawili? Nikawafunga ndani ya kanga nikapanda nao mlima, na yule mama akanifuata kwa kelele mpaka mwisho wa mafunjo, bawa likiwa zima kabisa.

Nilijiandaa kwa kugombezwa. Masenge hakunigombeza. Aliwatazama, kisha akaanza kuhamisha kuni, moja moja, akafagia ile kona, akaleta kapu. Aliniambia watakaa pale na hawatatoka nje mpaka waote manyoya ya kweli. Nikamuuliza mbona kule bondeni walikuwa nje kwenye umande? Akasema kule walikuwa na mama yao, hapa wana moto. Kwetu mzazi na mtoto mchanga hukaa ndani karibu na moto, mlango umefungwa, hakuna wa kumtupia jicho mtoto, mpaka siku zake zitimie ndipo anatolewa nje watu wamwone na apewe jina. Masenge aliwafanyia makinda wale hivyo hivyo, kitu kwa kitu. Aliziba nafasi ya chini ya mlango kwa tambara. Aliwasha moto hata mchana. Kazi yangu ikawa kutafuta panzi na mchwa, na yeye alisaga maharage yaliyopikwa akachanganya na ugali wa muhogo laini, akawatia mdomoni kwa kidole, kidogo kidogo, mpaka makoo yao yanavimba. Walikua haraka hadi nikawa nacheka. Wakitaka kuinuka kapuni, Masenge anawakalisha tena taratibu kwa kiganja, anawafunika, anasema tulieni, bado.

Kisimani wanawake walipata la kusema. Mmoja akaniuliza masenge wako amepata mapacha, mbona hajatuita tucheze ngoma? Mwingine akasema mwache, pengine wa mara hii watakaa. Wakacheka, halafu wakainamia mitungi yao waliponiona nimesimama bila kucheka nao. Sikuelewa, na kwa kuwa sikuwa mtoto wa kukaa na swali, jioni ile tukiwa tunakula nikamuuliza Masenge wanasema wa mara hii watakaa, maana yake nini? Hakuacha kula. Akaniambia amezaa wanne, na wote wanne walilala kwenye kona ile, na hakuna hata mmoja aliyefika siku ya kutolewa nje. Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayotumia kusema chumvi imekwisha. Kisha akanyoosha mkono akapapasa ndani ya kapu, kama anayehakikisha.

Mmoja alikufa wiki ya pili. Yule mkubwa alikuwa akimdonoa mwenzake kichwani, ndivyo walivyo, na mle kapuni hakukuwa na mahali pa mdogo kukimbilia. Tulimkuta asubuhi amelala ubavu. Masenge alimzika na akaongeza kuni. Aliyebaki ndiye aliyekuwa akiita piiu kila nikitoka, na nikirudi anagusa vidole vyangu vya mguu kwa mdomo wake, kimoja baada ya kingine, kama mwalimu anayeita majina. Alilala mchana juu ya miguu yangu. Nilikuwa nikimhadithia habari za ua tutakaoujenga, wa mianzi, na wageni watakaokuja kutoka Kasulu kumtazama akicheza. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na naisema bila aibu ingawa nakaribia miaka sabini na nimeolewa na mtu mwema.

Konsolata alikuja mwisho wa masika. Alikuwa mama wa Kirundi aliyevuka mpaka miaka miwili nyuma na mtoto mgongoni, amepewa kipande cha kulima jirani na sisi, na alikuwa akija kwa Masenge kubadilishana mbegu. Yeye anasema Kirundi, Masenge Kiha, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Siku ile nilimvuta mkono nikamwingiza jikoni kumwonyesha fahari yangu, kwa maana alishaniambia kwamba alikokulia waliwahi kufuga korongo. Akachuchumaa mbele ya kapu. Akamtoa ndege, akamweka sakafuni. Ndege akatanua mabawa, akajaribu kuinuka, miguu ikateleza huku na huku, kila mmoja njia yake, akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeiona ile miguu kila siku na nilidhani ndivyo ilivyo miguu ya mtoto. Konsolata akaipapasa goti kwa goti. Ilikuwa imepinda kama mpini wa jembe uliochongwa vibaya.

"Huyu alitakiwa atembee tangu siku ya pili," akasema. "Kutwa nzima, nyuma ya mama yake, matopeni. Miguu yake inakomaa kwa kutembea. Mmemtunza mpaka mmemlemaza."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kusema jambo lilivyo; nadhani aliyoyaona njiani yalikuwa yamemwondolea njia nyingine ya kusema. Masenge alikuwa mlangoni na ungo wa maharage. Aliendelea kuchambua, anatupa mbovu, anaacha nzima, vidole vinakwenda vyenyewe. Baadaye sana, Konsolata alipokwisha kwenda zake, akaweka ungo chini.

"Wale wanne pia niliwafunika hivi hivi," akaniambia. "Moto huu huu. Moshi huu huu."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimwambia Masenge, huyu ni ndege na wale walikuwa watu, lakini nilisikia mwenyewe jinsi maneno yangu yalivyokuwa mepesi. Tangu siku ile hakumgusa tena. Akipita jikoni anapita upande wa pili wa mafiga. Ila kila jioni, akiwa amenipa mgongo, aliniuliza neno moja: "Amesimama?" Ndipo nikajua ninachotakiwa kufanya. Ndege yule akisimama na kutembea, basi lililotokea kwenye ile kona halikutokana na mikono ya Masenge. Asiposimama, Masenge atabaki na jibu, na jibu lenyewe ataishi nalo. Hakuna aliyenituma. Nilijituma mwenyewe, kwa ule wepesi wangu wa kuamini kwamba ukipenda kitu sana kitakubali.

Konsolata alinifundisha. Nilimpeleka ndege kila asubuhi kijitoni, nikamwingiza mahali maji yanapofika tumboni, nikamshika kifuani kwa viganja viwili. Maji yanabeba uzito, miguu inasukuma. Mara ya kwanza alipiga kelele na kunidonoa shavu. Wiki ya pili alikuwa akisukuma. Nilimpunguzia ugali, nikampa panzi tu, na nilimrushia mbali kidogo ili ajikokote. Nilimfunga miguu kwa nyuzi za mgomba na vijiti, nikafungua, nikafunga tena namna nyingine. Alikuwa mrefu sasa, manyoya ya kijivu yametoka, na juu ya kichwa vilianza kuchomoza vijiti vya taji, vifupi, kama nywele za mtu aliyetoka kuamka. Siku moja, mahindi yakiwa yanakauka shambani, alisimama mchangani bila mikono yangu. Nilihesabu mpaka kumi na moja kabla hajaanguka. Nilipanda mlima mbio naye kifuani, na kabla sijaulizwa nikasema amesimama. Masenge aligeuka. Alimtazama yule ndege, akatazama miguu, akasema tutaona, lakini usiku huo alichota mboga akaniongezea mimi.

Juma lililofuata akaja balozi wa nyumba kumi. Habari za kuhamia vijijini tulikuwa tumezisikia, ila zilikuwa habari za kwingine. Balozi alikaa, akaomba togwa, akanywa yote, ndipo akasema siku ni Jumatatu, lori litapita barabarani, kila mtu na vyombo vyake na mavuno yake, milango na mihimili mnaweza kung'oa. Masenge akamuuliza huko tuendako kuna kijito? Balozi akasema kuna barabara, na shule itajengwa, na maji yatafuata. Akamwona ndege amejilaza karibu na mlango, akauliza na huyu nimwandike mkazi? Alitaka tucheke, na mimi nilicheka, kwa sababu alikuwa mtu mwema na uso wake ulikuwa umechoka kupeleka maneno yale nyumba kwa nyumba. Alipoondoka, Masenge alikwenda akasimama nyuma ya mafiga kwa muda mrefu. Kona ile haing'oki kama mlango. Konsolata walimpangia lori jingine, upande wa Kasulu, na tuliagana barabarani huku tukipaza sauti juu ya injini. Sikumwona tena.

Kijiji kipya kilikuwa mistari. Nyumba hapa, nyumba pale, zimenyooka kama mistari ya daftari, na kati yake ardhi iliyofyekwa na kuchomwa, vumbi laini linalozamisha mguu mpaka kifundo. Tulilala chini ya turubai, kisha chini ya fito zisizoezekwa. Maji yalikuwa shimo moja, na foleni ya ndoo ilianza kabla ya jua. Mtu angepewaje maji ya kumwogeleshea ndege? Panzi walikuwa wameungua na majani yao. Nilimpa kilichokuwepo, maharage. Alikaa kivulini mwa gunia, magoti yakachubuka, yakafanya vidonda, nzi wakavijua. Nilijaribu kumtembeza kwa kumshika mabawa, akakunja miguu kama mtoto anayegoma. Na jioni Masenge aliuliza vile vile. Amesimama? Nikawa najibu bado. Kisha nikawa najibu kidogo. Kisha nikawa najibu asubuhi alisimama, wewe ulikuwa kwenye maji. Ndege mwenyewe aliacha kuniita. Nilikuwa nikitoka makusudi, nasimama nyuma ya fito, nangoja ile piiu, na haiji.

Alikufa siku ambayo wanawake wote walikwenda mbali kukata nyasi za kuezekea. Mimi niliachwa kulinda vyombo. Shingo yake ilikuwa juu ya goti langu, na iliongezeka uzito kidogo tu, basi. Taji lilikuwa limefika urefu wa kidole, la dhahabu kweli kweli, jua likipita ndani yake.

Watu hupenda niwaambie kwamba mambo yalikuja kuwa mazuri. Shule ilijengwa, ni kweli. Maji yalifuata, miaka mingi baadaye. Masenge alihamia Heru Juu kwa ndugu zake wa mama, akalima, akazeeka, na wageni wakija alikuwa akiwasimulia juu ya korongo aliyemlea jikoni, ambaye siku moja aliinuka akaenda zake kwa miguu yake mwenyewe. Alisimulia vizuri kuliko mimi. Sijui kama aliamini. Mwaka jana, siku nne kabla hajafa, nilikuwa namgeuza kitandani, akanishika kifundo cha mkono na kuniuliza kama nadhani wale wanne walipata joto kupita kiasi. Nikasema hapana, masenge. Akasema, "Na yule ndege?" Nikasema yule si alikwenda mwenyewe? Akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanangu wakiniambia wamenawa mikono, akaachia mkono wangu, akageukia ukutani. Hatukuzungumza tena jambo lolote la maana. Kwa hiyo siwezi kusema nilichofanya asubuhi ile ndege alipokufa kilisaidia. Nadhani hakikusaidia. Miaka yote ile alilibeba lake peke yake, na mimi langu, tukipishana nayo mlangoni.

Asubuhi ile jua lilikuwa limepanda lakini wanawake walikuwa bado mbali. Nilikuwa nimekwishachimba shimo kwenye udongo mwepesi nyuma ya nyumba, la kina, asije mbwa akafukua. Sikumtia moja kwa moja. Nilimbeba chini ya kwapa mpaka mbele, pale ambapo mlango ungekuwa, nikapiga magoti vumbini. Mguu wake ulikuwa bado laini. Nilitanua vidole vitatu vya mbele, nikaukandamiza chini kwa kiganja changu, taratibu, nikauinua, unyayo ukabaki vumbini. Nikashika wa pili, nikauweka mbele ya ule wa kwanza, umenyooka. Kisha wa kwanza tena. Nilikuwa nikirudi kinyumenyume nimeinama, nikifuta alama za magoti yangu kwa tawi, hatua kwa hatua, kulia, kushoto, mpaka mahali nyasi zilizosalimika na moto zilipoanzia.